Bata Hasemi

Kichwa cha Gustave kilikuwa kizito kama mtoto wa mwaka mmoja, na kilinuka kama kapu la samaki lililosahauliwa juani. Edmée Haché alikivaa mwisho, baada ya tumbo la manyoya, mabawa na miguu ya raba ya rangi ya machungwa. Alikivalia ndani ya stoo ya mifagio, kando ya mashine kubwa ya kulainisha barafu ya uwanja wa hoki. Akishakivaa, Edmée hakuwepo tena. Palikuwa na bata bukini tu, mrefu kuliko kipa, na watu elfu mbili wakilipigia kelele jina lake.

"Umekwisha kuvaa, bibi harusi?" Mzee Fidèle aligonga mlango kwa mpini wa gongo. Ndiye aliyenoa viatu vya kuteleza vya wachezaji, na ndiye aliyemwingiza Edmée kwenye kazi hii. "Tumefungwa matatu huko. Toka ukawachekeshe kabla hawajaanza kututupia vikombe."

"Wakitupa, wamlenge kipa. Anadaka kama anayeaga wageni."

"Maliza maneno yako yote humo humo. Ukitoka nje, bata hasemi."

"Bata hasemi," Edmée aliitikia, kama mtu anavyoitikia kanisani, akajivika kichwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kikaragosi cha timu. Haruhusiwi kutoa sauti, haruhusiwi kuonyesha hata kidole cha nyama, na kichwa hakivuliwi mahali penye jicho la mtu. Mzee Fidèle alimweleza siku ya kwanza kwamba hata akianguka akavunjika mguu, atabebwa nje akiwa bata, na atalia akifika ndani. Klabu iliandika sheria hiyo kwenye mkataba, lakini walioitunza hasa walikuwa watu wa Anse-Grise wenyewe. Katika mji ule wa pwani, ambao baridi yake humtoa mtu machozi yasiyo na huzuni, kila mmoja alijua nani kamfumania nani na nani kalala kwa nani. Lakini nani yumo ndani ya bata, hilo halikuulizwa. Waliojua walijifanya hawajui, na waliotaka kujua walionekana hawana adabu. Kwa watu wote Edmée alikuwa mfagiaji wa uwanja. Alifagia kweli, asubuhi, na hilo lilitosha kueleza kwa nini alionekana akiingia na kutoka.

Alitoka kwenye mwanga. Kelele zikapanda.

Ukitaka kuijua thamani ya Gustave, usitazame ubao wa magoli. Timu ya Mabata ya Anse-Grise ilikuwa timu ya kulipwa kwa jina, lakini mishahara yake ilimfanya mchezaji mzuri asimalize misimu miwili kabla ya kuuzwa. Makocha walifukuzwa kama paka jikoni. Mashabiki walijifunza kutopenda mtu, maana ukimpenda leo, kesho unamkuta na jezi ya adui. Gustave hakuuzwa. Hakufunga goli wala hakufungwa. Mvuvi mwenye mikono kama kamba za nanga, ambaye hajawahi kumkumbatia mwanawe wa kumzaa, alimkumbatia Gustave mbele za watu na kumkung'uta mgongo kwa mapenzi. Wanawake walimnong'oneza mambo ambayo padri hakuyasikia. Watoto walilala na sanamu yake ndogo, na duka la klabu liliuza sanamu hizo kuliko tiketi. Edmée aliwaza mara nyingi, jasho likimchuruzika machoni asiweze kulifuta, kwamba walimpenda bata kwa sababu moja tu. Hakuwa na la kuwajibu.

Alipita safu kwa safu, akampokonya mwamuzi wa mstari kofia, akakaa juu ya mapaja ya shabiki wa timu ngeni hadi mtu yule akafurukuta kuomba msaada. "Mwamuzi!" mtu alifoka toka juu. "Miwani umemwachia mkeo?" Gustave akampa mwamuzi miwani ya plastiki. Uwanja ukacheka. Kisha, kama kila mchezo, akageukia pembe ya kusini, safu ya kwanza nyuma ya kioo, kwenye kiti alichokalia Ozite Haché tangu alipokuwa mke mpya.

"Umechelewa, jitu la manyoya!" Ozite alisema kwa sauti, kofia yake ya sufu ikiwa imemfunika nyusi. "Ulikuwa wapi? Unataga?"

"Dume halitagi, Ozite," alisema jirani yake.

"Kwa tumbo hilo? Atataga tu. Njoo hapa, wewe."

Gustave aliinama, akamgusa kwa mdomo wake katikati ya paji la uso. Ozite akafumba macho. Halafu akatoa mfukoni kashata ya krimu, aliyoipika mwenyewe na kuifunga kwa karatasi ya mafuta, akaifungua na kuitumbukiza kwenye mdomo wa bata. Ndani ya shingo ile ndefu, kashata iliteleza gizani hadi ikafika kidevuni mwa Edmée, naye akaidaka kwa midomo. Ilikuwa tamu, na ya uvuguvugu wa mfuko wa koti la mama yake.

Alikuwa hajaila kashata hiyo mezani kwa mama yake kwa miaka minane.

"Nimemwona leo yule," Ozite alinong'ona, shavu lake kwenye manyoya. "Dukani, pale kwenye maziwa. Kanipita kama anayepita nguzo ya umeme. Anafagia vyoo hapa, unajua? Mtoto wa Zoël Haché anafagia vyoo vya klabu ya baba yake."

Aliyempita mwenzake kama nguzo alikuwa Ozite mwenyewe. Edmée alikuwa amesimama na pakiti ya maziwa mkononi, mdomo umeshafunguka kusema "Mama," na mama akageuza toroli lake la bidhaa. Sasa alimshika mabegani kwa mabawa, akatikisa kichwa kile kizito kwa huruma. Bata hasemi.

Ugomvi wao ulianzia kwenye jeneza. Zoël Haché alikuwa mchezaji wa klabu hiyo hiyo, na kazi yake haikuwa kufunga magoli. Kila timu ya zama zile iliweka mtu wa ngumi, wa kumpiga anayemgusa mfungaji wao, na Zoël alikuwa bora pwani nzima. Alitupa glavu chini, akapiga, akapigwa, na uwanja ulisimama. Ozite, kwenye kiti kile, alisimama kabla ya wote na kupiga makofi hadi viganja vikawa vyekundu. Mwili wa Zoël ulipochakaa, klabu ilimpa saa ya mkononi na kumwonyesha mlango. Kichwa ndicho kilicholipia zile ngumi zote. Alianza kukaa gizani mchana, mapazia yamefungwa. Alitia viatu ndani ya jiko la kuokea. Mwishoni alimwita binti yake kwa jina la mbwa aliyekufa zamani. Alipofariki, klabu ilileta jezi iliyopigwa pasi, na Ozite akaitandaza juu ya jeneza, ukumbi umejaa watu. Edmée aliivuta ikaanguka sakafuni.

"Hawa ndio waliomuua," alisema, na sauti yake ilifika hadi jikoni walikokuwa wakipanga sahani. "Na wewe, Mama, ulipiga makofi."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana haikusameheka.

Kiwanda cha samaki kilipofungwa, Mzee Fidèle, rafiki wa marehemu, alimwambia wanatafuta mtu wa kuingia ndani ya bata. Edmée alimcheka usoni. "Mimi? Niichezee ngoma klabu hii?" Lakini tumbo halina kiburi kirefu. Mchezo wake wa kwanza alipotea njia, jasho limemziba macho, akaangukia pembe ya kusini. Kabla hajajua yuko wapi, alikuwa mikononi mwa mama yake. Ozite alimkumbatia bata kwa nguvu zote, akamwambia, "Baridi, ee? Kaa kidogo." Edmée alikaa. Tangu hapo hakuwahi kuukosa mchezo hata mmoja wa nyumbani, kwa homa wala kwa goti. Nje ya vazi lile hakuwa na mama. Ndani yake alikuwa naye kwa dakika mbili, na dakika mbili alizizoea kama mfungwa anavyozoea dirisha.

*

Theluji ya mwisho ilikuwa bado haijaamua kuondoka pale Tanguy, bosi wa matangazo, alipomwita ofisini. Alikuwa kijana wa Halifax mwenye meno mengi, aliyezoea kushusha sauti anapotaka kukuumiza.

"Kaa, Edmée. Kahawa?"

"Nimesimama vizuri tu."

"Wewe ni hazina ya klabu hii, unalijua hilo?"

"Hazina huwa mnazifukia. Sema, bosi."

Tanguy alizungusha kalamu. "Msimu ujao tunataka Gustave mwenye nguvu mpya. Anayeruka sarakasi. Watoto wa siku hizi wanataka kitu cha kurekodi kwenye simu."

"Watoto wa siku hizi wanataka kukumbatiwa, kama wa siku zile."

"Na goti lako. Tumeona unavyopanda ngazi."

"Goti langu limekuja kulalamika kwako lini?"

"Tumempata msichana wa Moncton, Shayla. Anapinduka hewani mara mbili, nakuapia. Utamfundisha wewe mambo madogo madogo. Kazi ya usafi utabaki nayo. Hilo nimekupigania mwenyewe." Alingoja ashukuriwe. Hakushukuriwa. "Utamaliza kwa heshima. Mchezo wa mwisho tunafanya Siku ya Wakongwe. Tunapandisha jezi ya mmoja wao juu darini, ining'inie pale daima kwa heshima, na mjane wake atakuja katikati ya barafu. Gustave atamkabidhi jezi. Itatoa watu machozi. Jamaa mwenyewe aliitwa Zoël Haché. Ni ndugu yako? Au hapa kila mtu ni Haché?"

"Hapa kila mtu ni Haché," alisema Edmée.

Alirudi stoo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mzee Fidèle alimkuta pale, akaufunga mlango.

"Nimesikia," alisema. "Mbwa hao."

"Watampandisha Baba darini, Mzee. Walimtoa kwa mlango wa takataka, sasa wanampandisha darini."

"Na Ozite kafurahi mpaka kanunua koti. Mwachie furaha yake."

"Mimi nimeachiwa nini?" Edmée alimtazama. "Msimu ujao atakumbatiwa msichana wa Moncton. Mimi nitakutana na Mama kwenye maziwa."

"Basi nenda kwake. Bisha hodi kama mtu."

"Nilibisha, mwaka ule wa kwanza. Akazima taa."

Mzee Fidèle alikuna kichwa. "Usije ukafanya upuuzi siku ile, mwanangu," alisema hatimaye. "Vazi lile si lako. Si la klabu pia. Ni la wale wanaolitazama."

Shayla alifika wiki hiyo, msichana mwepesi kama springi ya kitanda, na hakuwa mtu mbaya, jambo lililomuudhi Edmée zaidi. Edmée alimfundisha kunywa maji kabla ya kuvaa, wala si akishavaa. Alimfundisha kupanda ngazi kwa ubavu, na kumwinamia mtoto mwoga kwa mbali ili mtoto ndiye aje. Alimwonyesha safu yenye walevi na safu ya watoto wa hospitali.

"Na pembe ya kusini?" Shayla aliuliza, akinyoosha misuli. "Kuna mtu wa pekee kule?"

"Hakuna," Edmée alijibu. "Wapungie bawa tu, upite."

Alilala na uongo huo kama mtu anayelala na kisu chini ya mto. Mwache apite. Mwache Ozite abaki na kashata mkononi, atazame mgongo wa bata ukienda zake, ndipo atajua kulikuwa na mtu mle. Ila kungoja hadi msimu ujao ili alione hilo kulimshinda. Siku ya Wakongwe ilipokaribia, wazo jingine lilimwingia na likakataa kutoka. Angesema. Mara moja tu, kwa sauti ya chini, mama yake akiwa mikononi mwake na hawezi kugeuza toroli.

*

Siku hiyo uwanja ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Walitandika zulia jekundu juu ya barafu. Taa zilizimwa, ukabaki mwanga mmoja, na ndani ya mwanga huo alisimama Ozite na koti lake jipya la buluu, mdogo kuliko Edmée alivyomkumbuka. Mtangazaji alisoma kwa sauti ya mazishi mazuri.

"Alitoa kila kitu kwa ajili ya jezi hii! Hakurudi nyuma hata siku moja! Anse-Grise, simameni kwa ajili ya Zoël Haché!"

Alitoa kila kitu. Ndani ya shingo ya bata, Edmée aliuma meno. Alitoa hata jina la binti yake. Watu walisimama, miguu ikatingisha mabenchi, na juu darini ile jezi kubwa ya kitambaa ikaanza kupanda kwa kamba, ikiyumba kama aliyenyongwa.

Gustave alitembea juu ya zulia akibeba jezi ndogo kwenye mabawa. Aliinama. Ozite aliipokea, akaibana kifuani. Kisha hakuweza kujizuia, akamwangukia bata na kulia kwenye manyoya yake, na watu wakaguna kwa mapenzi, simu zikawaka kama nyota.

"Umeona, Gustave?" alisema Ozite. "Wamemkumbuka. Nilijua watamkumbuka. Yule angekuwepo akaona, angemeza yale maneno yake."

Edmée alishusha shingo hadi wavu mdogo wa shingoni, tundu lake la kuchungulia nje, ukawa sambamba na sikio la mama yake.

"Mama," alisema. "Ni mimi. Edmée. Ni mimi siku zote."

Mwili wa Ozite ulikoma kutikisika. Mikono yake ilibaki pale pale ilipokuwa, mmoja mgongoni mwa bata, mmoja kwenye jezi. Hakurudi nyuma, maana uwanja mzima ulikuwa unatazama, na mwanamke wa Anse-Grise hamwaibishi bata mbele za watu. Aliinua uso taratibu, akatazama kwenye wavu. Edmée aliyaona macho ya mama yake yakimwona.

"Nyamaza," Ozite alisema, midomo ikitabasamu kwa ajili ya simu. "Bata hasemi."

"Mama, nisikilize tu…"

"Miaka minane nilikuwa na kitu kimoja cha kukikumbatia. Kimoja. Hakikunijibu, hakikunihukumu." Tabasamu halikusogea. "Hata hiki umekuja kuniharibia?"

Edmée alilegeza mabawa yaliyomshika.

Ozite alijibandua kwake kwa upole mkubwa, kama mtu anayejibandua kwenye mwiba bila kutaka kuchana nguo. Aliutazama umati. Akatazama juu, jezi ya mume wake ilikofika chini ya mabati na kutulia. Akaibana kwapani ile jezi ndogo, na akaanza kupiga makofi. Alipiga polepole kwanza, kisha kwa nguvu, viganja juu ya kichwa, kama alivyopiga zamani, na uwanja wote ukamfuata.

Gustave alisimama kando yake. Hakukuwa na jingine la kufanya. Alinyanyua mabawa yake, manyoya kwa manyoya, akapiga makofi pia. Hayakutoa sauti.

Picha ilitoka kwenye gazeti la mji: Ozite Haché na Gustave, Siku ya Wakongwe. Mzee Fidèle aliikata akaibandika juu ya mashine yake ya kunolea. Siku ya pili Edmée aliipita bila kugeuza shingo.

*

Msimu mpya ulianza na majani mekundu bado yamegandamana kwenye maegesho ya magari. Edmée alikuwa na sare ya kijivu sasa, na kibao cha jina kifuani, na tepe ya plastiki kwenye goti. Alipangwa kusimama na ufagio wakati wa michezo, kwenye njia ya pembe ya kusini, ili mtu akimwaga bia isikauke.

Ozite alikuja. Edmée alikuwa amejiambia hatakuja, na alikuwa amejiambia pia kwamba akija itakuwa na maana. Ozite alimpita mlangoni. Hakugeuza uso upande, hakuongeza mwendo. Alimpita kama anavyompita mfagiaji, akaketi kwenye kiti chake, akajifunika magoti blanketi.

Taa zilizunguka. Gustave alitoka kwa kupinduka hewani, akapinduka tena, na uwanja ulipiga ukelele ambao Edmée hajawahi kupigiwa. Manyoya yalikuwa mapya, meupe kifuani. Aliruka kioo, akacheza na kijana mwenye ngoma, akapanda ngazi bila kugusa reli. Kisha akafika pembe ya kusini, akapunga bawa, kama alivyofundishwa, na akapita.

Edmée aliushika ufagio. Alimwona mama yake amenyanyuka nusu, karatasi ya mafuta mkononi, akitazama ule mgongo mweupe ukienda. Basi. Sasa. Geuka, Mama. Niko hapa nyuma yako.

"We Gustave!" Ozite alipaza sauti. "Ndiyo kusema umenisahau? Rudi hapa, jitu la manyoya!"

Watu wakacheka. Bata alisita, akarudi, akainamisha kichwa upande kama anayeuliza.

"Hujui tena? Umekula nini huko kiangazi?" Ozite aliushika mdomo wa bata kwa mikono miwili, akauvuta taratibu hadi kwenye paji la uso wake. "Hapa. Katikati. Ehee. Hivyo." Alifumba macho. Alipoyafumbua, alikuwa anatazama juu ya bega la bata, moja kwa moja kwenye njia, kwenye sare ya kijivu. Hakuharakisha kuyaondoa macho hayo. "Bata mzuri," alisema, kwa sauti ya kumfika anayetakiwa. "Huyu ana adabu." Akaitumbukiza kashata mdomoni mwake.

Jirani yake alicheka. Mtu nyuma alimwaga bia, akaita, "Dada! Dada wa ufagio!" na Edmée akaenda.

Mchezo ulipokwisha, alipita na mfuko mweusi kukusanya taka za vyumba. Ndani ya stoo Shayla alikuwa amelala chali sakafuni, uso umeiva, kichwa cha Gustave kando yake kikitazama dari.

"Dada Edmée, mbona hukuniambia kuhusu yule bibi?" alisema kati ya pumzi. "Karibu niharibu siku yangu ya kwanza. Ananipenda kufa! Kanilisha sukari huyo."

"Na umeila?"

"Wapi! Imekwama kwenye shingo, na mimi sukari siigusi, inaninenepesha." Alinyoosha mkono bila kuinuka. Kashata ilikuwa juu ya kitambaa cha karatasi, nzima, ina unyoya mweupe umenata pembeni. "Chukua wewe, kama unapenda. Inanukia."

Edmée aliitazama. Ilikatwa kwa pembe nne sawasawa, kwa kile kisu cha jikoni kwa mama yake, chenye mpini uliofungwa waya, na juu yake palikuwa na alama ya kidole gumba.

"Hakunipa mimi," alisema.

Akafungua mfuko. Shayla, bado anatazama dari, aliiangusha ndani bila kuuliza zaidi. Edmée aliusokota mdomo wa mfuko, akaufunga fundo, akauburuta kwenye njia ya pembe ya kusini, kupita kiti kilichokuwa tupu, hadi nje kwenye mlango wa takataka.